Waya wa Kurudi

Mara ya kwanza ilizima Konde, Jumatatu,
na magunia kumi na manane ya mwani mgongoni.
Sikulia. Nilitoa daftari la mizani,
nikaligeuza nyuma, nikaandika:
Konde. Saa nne. Hakuna mvua.
Imezima kama mtu aliyekatwa kauli.

Jumatano: nikikanyaga breki, taa ya redio inawaka.
Alhamisi: indiketa ya kulia,
na sindano ya mafuta inacheza nayo, tiki, tiki,
kama wawili waliokula yamini pamoja.
Jumamosi: nzima. Nzima kabisa.
Hiyo ndiyo iliyonitia hofu.

Fundi Shaame akaja na betri mpya.
Shaame ni mtu wa betri; ukimwambia una homa
atakuuliza betri umenunua lini.
Kisha fyuzi: akazichomoa moja moja,
akazitazama juani kama anayechagua mchele,
akazirudisha, mbili si mahali pake,
na tangu siku hiyo honi hailii
ila niwashe taa kubwa.

Kutoka Chake akaja kijana, Abdulwahid, viatu vyeupe,
na mashine yenye kioo. Akaichomeka chini ya usukani.
Mashine ikatoa magonjwa matano:
sensa ya hewa, sensa ya joto, pampu, koili,
na la tano tarakimu tupu.
"Kompyuta imekufa, mama. Hii haina dawa."

Nikamtazama. Mwenye magonjwa matano kwa mpigo
huwa na moja tu, na hilo halijatajwa.
Lakini nani mie? Mpima mwani.
Nikatoa pesa za mabati ya jiko.
Kompyuta ikaja kwa boti kutoka Unguja,
ya mtumba, imeviringwa kanga kuukuu,
ndogo kama sanduku la tende.

Siku mbili iliwaka.
Siku ya tatu, Konde tena, pale pale,
vijana wale wale wa kusukuma,
wanaonijua sasa kwa jina na kwa bei.

Usiku ule umeme wa nyumba nao ulikatika.
Nikaiambia pikapu: leo tumelingana.
Salha, mtoto wa dada yangu, darasa la sita,
kanishikia tochi. Nina globu ya indiketa
na vipande viwili vya waya: ndiyo mashine yangu.
Nagusa fyuzi, globu inawaka.
Nagusa pampu, inawaka.
"Umeme upo," nikasema. "Kila mahali upo. Sasa nini?"

"Na kurudi?"
"Kurudi wapi?"
"Kwenye betri, khaloo. Mwalimu kachora.
Usiporudi, hauendi."

Miaka sita naendesha gari
na sijauliza hilo hata siku moja.
Nikaifunga globu kwenye chanya,
ncha ya pili nikaigusa injini: ikang'aa.
Nikaigusa bodi: ikafifia,
uzi mwekundu tu ndani ya kioo.

Tukaingia uvunguni, migongo mchangani.
Nyuma ya kebini, chini ya kitanda cha mizigo,
waya wa ardhi, msuko mzima wa shaba,
umebaki nyuzi tatu.
Kijani. Rangi ya mwani wangu.
Gunia kwa gunia, maji ya chumvi yalidondoka hapo,
nami juu naandika kilo.

Msasa. Bolti mpya. Kipande cha waya mnene
nilichokata kwenye mashine mbovu ya kuchomelea.
Grisi, kwa kidole.
Salha akageuza ufunguo, mara ya kwanza maishani mwake,
na kuku wakaruka ukuta.

Daftarini, chini ya bei ya kompyuta,
niliandika: waya wa ardhi, shilingi elfu tatu.
Sikujumlisha.

Asubuhi Konde vijana wakaniona kwa mbali,
wakainuka, wakakunja suruali.
Nikawasha taa kubwa, saa nne, jua la utosi,
nikawapigia honi,
nikapita.